Kidumu cha Ulanzi

Ilula,
Jumapili, 14 Aprili 2024

Kwa dada yangu mpendwa Faustina,

Kamwene dada, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Andendekisye na wale mabinti wawili wa marehemu mdogo wetu Esta unaowalea huko Mbeya. Sisi huku tunasukuma siku. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Jana alimfukuza fundi wa paa, eti anapiga misumari kama anayemchapa mtoto wa kambo. Mvua zimezidi na nyanya zinaozea shambani.

Utashangaa nimekuandikia wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza kwa maswali, nami ningepata mwanya wa kudanganya tena. Mwanajumuiya mwenzangu anapanda basi kesho alfajiri, atakukabidhi mkononi. Soma ukiwa umekaa, na watoto wawe mbali.

Unakumbuka Esta alivyokuwa Januari. Hakuweza kufunga vifungo vya blauzi mpaka apate kikombe cha kwanza. Barabarani aliwauzia abiria nyanya huku akinuka gongo, wateja wakakimbilia meza za jirani. Mumewe Liberatus ni mgema wa ulanzi, basi lawama zote tukamtupia yeye. Tulisema mwanamke anayelala nyumba moja na pombe ataiachaje? Wewe ulisema, mimi nikaitikia kwa sauti kubwa zaidi. Februari nikamtoa kwa mumewe, nikamleta hapa kwa mama.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinishauri nimfungie siku tatu, asionje hata tone, huku tukimwombea. Nilimfungia kwenye stoo ya matenga ya nyanya, nikatia kufuli. Mwenyewe alikubali, dada, nakuapia. Aliingia kwa miguu yake akisema anataka kuwa mtu mbele ya watoto wake. Siku ya pili akaanza kulia akiomba kikombe kimoja tu. Alisema anaona panya wakubwa wakitoka kwenye matenga, na panya hawakuwepo. Nikaweka mapambio kwenye redio, nikafungulia sauti yote ili majirani wasisikie.

Siku hiyohiyo, Ijumaa alasiri, Liberatus akaja na kidumu cha ulanzi. Jirani yetu Yotamu alimwona akiingia nacho uani, na ndivyo alivyowaambia polisi. Mimi nikawaambia kwamba Esta aliunywa ulanzi ule, na Jumamosi akafa. Kwa maneno hayo shemeji Liberatus amekaa mahabusu Iringa miezi miwili, akisubiri majibu ya maabara kuhusu sumu. Na kwa maneno hayohayo wewe umewaambia watoto kwamba baba yao alimuua mama yao.

Niliwadanganya polisi, nikakudanganya na wewe. Esta hakuuonja ulanzi ule. Liberatus alisimama uani akinisihi kwamba mlevi wa miaka mingi hakatishwi ghafla; baba yake mdogo, mgema kama yeye, alikatishwa hivyo, akatetemeka mwili mzima na kufa siku ya tatu. Alitaka tumpe Esta nusu kikombe asubuhi na nusu jioni, tupunguze polepole, au tumpeleke hospitali saa ileile, bajaji angetafuta yeye. Alikuwa analia. Nikamjibu kwamba shetani naye hubisha hodi kwa adabu. Nikamnyang'anya kidumu, nikaumwaga ulanzi wote matopeni, nikamfungia geti.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Esta sakafuni anatupa miguu, povu mdomoni. Tulikuwa tumefundishwa kwamba pepo akitoka humwangusha mtu. Dada, nilipiga vigelegele. Nilimwita mama aje aone mwanawe anafunguliwa, tukaimba wote wawili mpaka alipotulia. Tukamfunika kitenge, tukasema amelala. Saa nne nilimpelekea uji, nikamkuta wa baridi.

Kabla polisi hawajafika, mama alinishika mkono, akaniambia amekwisha zika mume na sasa anazika mtoto. Nikifungwa mimi, nani atampikia? Simsingizii, mdomo uliodanganya ni wangu. Na nilitaka sana kosa liwe la Liberatus. Mpaka siku ya mazishi nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mahabusu, nikitarajia matusi. Alinishukuru kwa kwenda. Anajua nilivyomfanyia, lakini aliniuliza jambo moja tu: kama Esta aliisikia sauti yake siku ile pale uani. Nikamwambia alisikia. Hata huo ni uongo, redio ilikuwa juu mno.

Kesho asubuhi nakwenda kituoni kusema yote. Sikuombi unisamehe, nakuomba uje umchukue mama, maana hataweza kuteka maji peke yake. Nakuomba pia uwaambie watoto, siku hiyohiyo utakapoipata barua, kwamba baba yao alikuja kumwokoa mama yao. Nani aliyemfungia geti, usiwaambie. Hilo nitawaambia mwenyewe, siku watakapokubali kuniona.

Msalimie sana shemeji Andendekisye, na majirani wote wanaonifahamu. Mungu akutunze.

Mimi mdogo wako,
Devota