Taa za Mijakaranda na Nyumba ya Kina Kiprugut

KAMATI YA TAA ZA SIKUKUU
BARABARA YA MIJAKARANDA, CHINI YA MILIMANI, NAKURU

Kumbukumbu za kikao cha Jumapili, tarehe 16 Novemba 2008, sebuleni kwa Bw. Joginder. Kiliitwa saa tisa mchana, kikaanza saa kumi kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya Bw. Vipul.

WALIOHUDHURIA
Bw. Joginder Singh – Mwenyekiti
Bi. Sue Wasike – Mweka Hazina
Bw. Vipul – mwanachama, mwenye duka la vifaa vya stima
Bw. Ngigi – Katibu, na ndiye hupanda ngazi

WASIOHUDHURIA
Bw. Kiprugut na Bi. Wamuyu – kwa udhuru

KUMB. NA. 1/11/2008: MAHUDHURIO

Katibu aliposoma majina, Bw. Vipul aliuliza mbona kina Kiprugut bado wanasomwa na nyumba yao ina kufuli tangu Januari. Alisema hawajatuma hata salamu, kwa hivyo waandikwe "bila udhuru". Bi. Sue alimjibu, "Vipul, ni udhuru gani mwingine unataka, na wewe ulikuwa hapa hapa ukichungulia dirishani?"

Kwa faida ya watakaosoma baadaye, Katibu anaeleza. Bi. Wamuyu ni dada yake Katibu wa tumbo moja. Bwana yake ni Mkalenjin na sisi ni Wakikuyu. Mambo yalipochafuka baada ya uchaguzi wa Desemba, huku walionekana wabaya kwa ajili ya bwana, na kule wabaya kwa ajili ya bibi. Walipakia pikapu, wakabeba watoto wao wawili, wakaenda kupanga nyumba Rongai. Rongai si mbali. Katibu amewahi kuendesha lori kutoka Rongai hadi hapa bila breki na chai kikombeni haikumwagika.

Mwenyekiti aliamua iandikwe "kwa udhuru" na kwamba neno hilo halitajadiliwa tena.

KUMB. NA. 2/11/2008: SABABU YA KUNUNUA TAA MPYA

Mwenyekiti alikumbusha kikao desturi ya barabara hii: kina yeye na kina Vipul hufunga taa wakati wa Diwali, na Wakristo huziacha hapo hapo mpaka Mwaka Mpya. Waya hutoka nyumba ya kona ukipita ukuta kwa ukuta mpaka mwisho, na hakuna anayefungua wa mwenzake. Alisikitika kwamba Diwali ya mwezi jana balbu moja ilikufa, zikafa zote, na wageni wake kutoka Nairobi wakala peremende gizani.

Katibu alieleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya balbu za zamani. Aliongeza kwamba mwaka fulani aliwahi kufunga taa karibu na ziwa, zikang'aa hata flamingo wakadhani kumekucha, wakaruka wote kwa pamoja, na kivuli chao kikafunika taa. Mwenyekiti alisema, "Bwana Ngigi, andika kikao." Katibu aliandika.

KUMB. NA. 3/11/2008: KUCHAGUA TAA

Nyuzi mbili za taa za LED ziliwekwa mezani. Kwa majaribio, zote zilikuwa zimelala ndani ya ndoo ya maji, zikaanikwa kwenye geti la Katibu kwa majuma mawili, jua na mvua.

Ya kwanza ililetwa na Bw. Vipul. Waya wake ni mwembamba, rangi zake ni nne, na inapepesa. Bw. Vipul aliisifu sana. Ilipochomekwa, nusu ya urefu wake haikuwaka. Bw. Vipul alisema ni stima ya Mwenyekiti ndiyo mbaya. Mwenyekiti alimwomba atazame televisheni, ambayo ilikuwa inawaka vizuri.

Ya pili ina waya mnene wa mpira, kila balbu imezibwa kichwani maji yasiingie, na mwanga wake ni mweupe wenye umanjano kidogo, uliotulia. Yote iliwaka. Ina faida nyingine kwamba balbu moja ikifa zile zingine zinaendelea.

Bw. Vipul alisema hiyo haina raha, ni kama taa ya ofisi ya chifu, afadhali kuagiza nyingine za kupepesa nyekundu. Hapo Bi. Sue aliomba nafasi. Alisema mwanawe Lewis akiona wekundu ukichezacheza nyuma ya pazia, mpaka leo huamka akatafuta viatu. "Usiku ule wa Januari tulikuwa tunaangalia moto upande wa mjini kupitia pazia hiyo hiyo. Tafadhali, nyekundu hapana." Bw. Vipul aliirudisha taa yake kwenye karatasi na kusema, "Pole, mama Lewis. Hata mtoto wangu Vidhi ni hivyo hivyo." Iliamuliwa kwa kauli moja kuchukua ile ya pili.

KUMB. NA. 4/11/2008: NYUMBA YA KINA KIPRUGUT

Mwenyekiti alieleza kwamba nyumba hiyo iko katikati ya mstari. Isipowashwa, barabara itakuwa kama mdomo uliong'olewa jino la mbele. Alijitolea kuvuta stima kutoka kwake, kwa kuwa taa hizi hazili stima nyingi.

Bw. Vipul alikumbusha sheria ya kamati kwamba waya haupiti ukuta wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Katibu alisema yeye ni ndugu, ruhusa anayo kwa damu. Mwenyekiti alisema damu haikuandikwa kwenye sheria, na akamtaka Katibu apige simu papo hapo, kwa spika, kila mtu asikie. Katibu alieleza kwamba simu yake haina chaji. Bi. Sue alimpa yake.

Simu ilishikwa. Mazungumzo yalikuwa hivi:

Katibu alisema, "Bi. Wamuyu, hapa ni Kamati ya Taa."

Bi. Wamuyu alisema, "Ngigi? Bi. Wamuyu ni nani? Umelewa?"

Katibu alieleza jambo la waya. Bi. Wamuyu aliuliza kama mlango wa jikoni bado umefungika vizuri, kama mti wa mparachichi umezaa, na nani anakula. Katibu alijibu kwamba umezaa hata matawi yamegusa chini, kila parachichi kama kichwa cha ndama. Bi. Wamuyu alisema, "Usinipe hadithi. Umezaa ama haujazaa?" Katibu alisema umezaa kidogo.

Bi. Wamuyu alisema, "Fungeni taa. Krismasi tutaenda Kabazi kwa mama. Kiprugut amekubali kuzungukia barabara yetu, watoto waone kama nyumba iko. Lakini hatasimama, Ngigi. Sitaki mtu ajitokeze mbele ya gari. Tutapita tu."

Katibu aliuliza watapita saa ngapi. Alijibu kwamba hajui, ni wakitoka kanisani, pengine mapema, pengine jioni. Sauti ya mtoto ilisikika nyuma ikiuliza, "Ni mjomba?" Simu ilikatwa.

Mwenyekiti alikwenda mwenyewe jikoni kuleta chai, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

KUMB. NA. 5/11/2008: MIPANGO YA SIKU YA KRISMASI

Iliamuliwa kwamba, kwa vile saa haijulikani, taa za barabara nzima ziwake kuanzia alfajiri mpaka watu walale. Bw. Vipul aliuliza taa za kuwaka juani nani ataziona. Halafu alisema mwenyewe kwamba atatoa dukani waya wa kutosha nyumba hiyo, kote mpaka upande wa jikoni.

Bi. Sue alipendekeza meza ya chai na mandazi iwekwe kando ya barabara. Katibu alipinga. Alisema anamjua shemeji yake, akiona watu wamejipanga ataongeza mwendo. Iliamuliwa kila mtu akae kwake na asipunge mkono.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu yeye atakuwa wapi siku hiyo. Katibu alijibu kwamba atakuwa juu ya ngazi, kwenye ukuta wa mbele wa kina Kiprugut, akitengeneza taa. Mwenyekiti alisema kamati imetoka kuchagua taa ambazo haziharibiki. Katibu alisema anajua.

Baada ya kufikiri, Mwenyekiti alipendekeza kibanio kimoja cha waya wa nyumba hiyo, kile cha juu ya geti, kilegezwe usiku wa kuamkia Krismasi, ili fundi awe na kazi hapo gari likipita. Bi. Sue aliunga mkono. Bw. Vipul aliunga mkono. Ilipitishwa.

Kikao kilivunjika saa kumi na mbili jioni, mvua ikiwa imeisha, na kila mmoja akaenda kwake.

Joginder Singh
MWENYEKITI ........................

Ngigi
KATIBU ........................