Feni Nne za Jikoni

Jumatano. Jua la Kahama leo linachoma mpaka bati linalia, lakini mikono yangu ni ya baridi tangu saa nne asubuhi.

Nyumba yangu ya Nyahanga mnaijua, nimeiandika hapa mara nyingi. Fleti nne chini, nne juu. Niliijenga kwa kuuza mchele, bila mume wala mkopo, na kabla ya kufunga hata kitasa nilizunguka kuuliza watu wanataka nini. Sikutaka kuwa kama wenzangu wanaoweka marumaru zilezile kila chumba, halafu wanashangaa wapangaji wakihama. Mabroka wa dhahabu, wale wanaoinunua kwa wachimbaji wadogo, walitaka usalama: nikawapa chini, milango ya chuma, sehemu ya kuegesha gari. Wenye watoto walitaka hewa: nikawapa juu, balkoni ndefu zenye wavu na kamba za nguo.

Broka wa kwanza kuhamia alikuwa na ombi moja tu.

"Mayu, hapo jikoni niwekee feni ya kutoa moshi, ile kubwa. Harufu ya vitunguu inanisumbua."

Kijana wa watu anakuita mayu, mama yake, kwa Kisukuma laini kabisa. Utakataa? Nikafunga. Watatu waliofuata nao wakauliza kitu hichohicho: feni ipo? Nikafunga nne. Tena nikajisifu hapahapa kwamba nimegundua siri, wanaume wa dhahabu wanapenda jiko safi.

Jiko safi!

Leo yule wa kwanza kanipigia simu, feni imepungua nguvu. Nikaenda na fundi. Fundi anapanda stuli, mimi macho yanazunguka. Hakuna sufuria. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hata kisu hakuna. Juu ya jiko la gesi kikaango kimoja kidogo, cheusi. Pembeni yake chupa ya soda, ndani kitu kizito kinachong'aa kama kioo kilichoyeyuka.

Mtu wa huku haambiwi zebaki ni nini. Tunajua inavyokamata dhahabu kwenye mchanga. Tunajua pia kwamba ukiichoma ili dhahabu ibaki peke yake, mvuke wake ni sumu, na kwa mtoto mdogo ni sumu zaidi.

Nikamuuliza, unachomea humu? Hata hakushtuka.

"Sasa mayu, feni niliomba ya nini? Wengine wanachomea uani, katikati ya watu. Sisi tumejiheshimu. Tunachomea ndani, moshi wote unaenda nje."

"Sisi nani?"

"Sisi wote wa hapa chini. Nyumba yako ina sifa, watu wanasubiri nafasi!"

Nikatoka kuitazama hiyo nje yake. Matundu manne ukutani, na juu ya kila tundu, balkoni. Kwenye mojawapo nepi zimeanikwa, na nyuma ya wavu mapacha wa Mama Kulwa, Kulwa na Doto, wanatambaa na kugombania kijiko.

Mimi ndiye niliyepanga nani akae juu ya nani.

Nilirudi nikazima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Broka akasema namwonea, amelipa kodi mbele, na mkataba haukatazi. Kweli, haukatazi. Nilikataza mbwa, nikakataza muziki wa usiku. Nimechezewa ndani ya nyumba yangu, na aliyenichezea ndiye anayenidai haki! Nimewapa wote wanne mpaka Ijumaa wawe wamehama. Wakitaka kunishtaki, njia ya mahakamani wanaijua.

Umeme ulipokatika Mama Kulwa akashuka, pacha mmoja mgongoni, mwingine kiunoni.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa napiga pasi, umeme vipi?"

Nilimweleza yote palepale chini ya ngazi. Nilijiandaa kutukanwa. Afadhali angenitukana.

"Kila jioni nikiwaweka pale wapate hewa," alisema taratibu, "nilikuwa nakuombea."

Akapanda juu kuanua nepi.

Yeye na wanawe wanahamia kwangu leo. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, watoto wapimwe, gharama zote juu yangu. Nimemwomba anikubalie nimbebee mmoja njiani.

Na nina milango mitatu ya juu ambayo sijaigonga bado. Ukweli ni kwamba nimekaa kuandika haya ili nichelewe kupanda. Mlango wa kwanza ni wa mke wa mwalimu, na tumbo lake limeshakuwa kubwa.

Nianze na neno gani?