Kikombe cha Maziwa pale Nengo

Mjukuu wangu Keza,

Huku Gisenyi tu wazima. Kifua cha babu yako kimetulia, na Jumapili shangazi yako wa Goma alivuka mpaka kuja kutuona. Umeniuliza kwa nini nilionja chai ya rafiki yako kabla ya kumpa. Najua uliona aibu.

Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilipanga kibanda kwenye maduka ya Nengo, nikauza maziwa yaliyoletwa kutoka vijiji vya Mudende. Watu walinisalimu, wakayatazama maziwa, wakapita. Vita vilikuwa bado havijasahaulika, na hawakujua nimetumwa na nani wala nimetia nini ndani. Na mimi niliwashuku wote, hasa jirani yangu Mama Zawadi, muuza dagaa, aliyenyamaza kila nikikaribia.

Asubuhi moja akaja mwenyewe, akaomba kikombe. Nikampa. Akanirudishia.

“Bon, onja kwanza we mwenyewe. Huku mutu hawezi kunywa kitu yenye mwenyewe hajaonja.”

Nilikasirika. Kule nilikokulia, kumpa mgeni kilichotoka mdomoni mwako ni kumdharau. Lakini maduka yote yalikuwa yakitutazama, basi nikapiga funda. Akapokea, akanywa polepole hadi mwisho, kisha akabaki amesimama pale, wote wamwone hajaanguka. Kufikia mchana maziwa yalikuwa yamekwisha.

Mpaka leo sijui kama aliniamini au alikuja kunipima. Ila aliweka mdomo pale pale nilipoweka wangu.

Mwambie rafiki yako arudi, chai ipo. Nitaonja kwanza.

Ni mimi bibi yako, wa Nengo.