Kumbe Hukujua Kuendesha, Baba

Baba yangu uliyelala Igawa,

Leo utanisikiliza bila kunikatisha, maana ulipokuwa hai maneno yangu yalikuwa hayafiki mwisho. Nina wiki mbili sijatulia. Hapa dukani kwangu Mwanjelwa ninapouza spea, mteja anaomba plagi, nampa cheni. Wananiuliza, "Dada Kabula, unaumwa?" Siumwi. Nimeshtuka, na aliyenishtua ni wewe.

Unaikumbuka pikipiki yetu? Swali gani hilo, utaisahauje! Ile kuukuu ya padri mgeni, ambayo kwao alikuwa akiitumia kwenye mashindano ya kupanda mawe na magogo. Ndogo, nyepesi, haina kiti cha maana kwa sababu mwenye kuiendesha husimama. Alipomaliza kazi yake misheni akarudi kwao, akakuachia wewe uliyekuwa mlinzi wake. Ikakaa stoo chini ya magunia miaka mingi. Nilipotimiza kumi na nne ukaitoa, ukaipangusa, ukaniambia nisimame juu ya vikanyagio. "Magoti yalegee. Macho mbele, tairi usiliangalie." Watoto wa jirani wakanizomea kwamba naendesha baiskeli yenye eksozi. Hukuwajali hata kidogo.

Ulinifundisha vizuri, sikatai. Mwezi wa kwanza hukuniruhusu hata kupiga kiki. Ulinipeleka zizini. "Klachi inaachiwa kama unavyokamua, ng'wanone, mwanangu, kidole kwa kidole. Ng'ombe ukimshtua anafunga maziwa. Hii nayo ukiishtua inakurusha." Mimi moyoni nikasema, huyu mzee Msukuma kweli, hata pikipiki kaigeuza ng'ombe. Lakini siku nilipoiwasha, vidole vyangu vilijua pa kusimama. Ikaondoka taratibu, haikuruka, haikuzima. Nilipiga yowe la furaha mpaka kuku wakatawanyika.

Kisha ukapanga mawe kwenye uwanja wa kupuria mpunga, nikawa nayazunguka moja baada ya jingine, polepole kiasi kwamba wewe ulikuwa unatembea pembeni yangu kwa mguu. "Mbio hata mlevi anaweza. Nataka uende hivi na usiguse chini." Na lile jingine ulilonisemea kila siku mpaka likanichosha: "Kiganja cha mkono wa mafuta kiwe chini! Ikikuvuta ukaenda nyuma, mkono usije ukafungua mafuta wenyewe." Ukilisema hilo sauti yako ilikuwa inabadilika. Nikadhani ni ukali wa kawaida wa akina baba.

Sikuwahi kukuona umeipanda. Ulisema goti. Nani atalitilia shaka goti la baba yake?

Halafu ile siku ya mfereji. Nilikuwa na miaka kumi na sita, najifunza kupanda kingo za mfereji wa maji ya mpunga. Nikafungua mafuta kwa pupa, tairi la mbele likanyanyuka, nikaingia majini pamoja na pikipiki. Nilitoka nacheka. Ukanizaba kibao. Wewe, ambaye hukuwahi kunigusa! Watu wanaangalia, maji yananichuruzika, hasira zikanipanda nikapaza sauti: "Basi panda wewe tuone! Kazi yako kusema tu!" Wale waliokuwa wanapalilia wakaangua kicheko.

Ulishuka mfereji, ukaitoa, ukaisukuma mpaka nyumbani, ukaifungia stoo mwezi mzima. Nami nikakununia miaka. Hata nilipohamia Mbeya, nikija Krismasi nilikuwa nakuamkia kama ninavyomwamkia mjumbe wa nyumba kumi, shikamoo, marahaba, basi. Na Mama nilimnunia pia kimoyomoyo, kwa sababu kila nilipoiwasha ile pikipiki aliingia jikoni na kufunga mlango. Nikasema mama gani huyu asiyependa mwanawe ajue kitu.

Sasa wiki mbili zilizopita, kwenye arobaini yako, alikuja yule fundi mzee wa Iringa aliyekuwa akizitengeneza pikipiki za misheni. Nikamletea sahani ya wali, nikamshukuru kwa safari, nikaanza kukusifia, jinsi ulivyokuwa bingwa wa kuendesha kabla ya goti kukuharibikia. Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaweka sahani chini.

"Binti, nani alikuwa bingwa? Baba yako hakuwa anajua."

"Hakuwa anajua nini?"

"Kuendesha. Alikuwa anakuja kwangu kila mwisho wa mwezi na daftari. Namweleza, anaandika. Nikimwambia panda nikuonyeshe, anarudi nyuma. Akimaliza kuandika anawahi basi."

Mungu wangu! Kwa hiyo zile safari za Iringa za kufuata dawa za mifugo! Yale uliyonifundisha Jumapili kwa kifua mbele, ulikuwa umeyasikia Jumamosi! Sikujua nicheke au nilie. Nikamwacha mgeni na sahani yake nikamfuata Mama nyuma ya nyumba.

Alikuwa anapepeta mchele. Nikamuuliza. Hakuinua kichwa, aliendelea na ungo wake.

"Aliipanda mara moja tu," akasema. "Ulikuwa na miaka mitatu."

Akanieleza, Baba. Kwamba padri alipokuuliza kama unaiweza, ukaona aibu ukasema ndiyo. Kwamba masika yale mbuga yote ilikuwa tope jeusi, hakuna gari linalopita, naye Mama, akiwa na mimba, uchungu ukamshika kabla ya mwezi wake. Kwamba ulifunga gunia pale nyuma pasipo na kiti, ukampakia umwahishe hospitali, ukaiachia klachi yote kwa mara moja. Ikaruka. Ukaenda nyuma, na mkono wako umeng'ang'ania mafuta, kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kuyafungua. Mkaangukia mtaroni. Mama alipona. Mdogo wangu wa kiume hakupona. Mimi maisha yangu yote niliambiwa alikufa kwa kuzaliwa kabla ya siku zake.

"Sasa kwa nini alinifundisha mimi?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyesema. Kesho yake alitaka kuiuza. Nikamwambia haiuzwi mpaka awepo mtu humu ndani anayeiweza."

"Na ukawa unajifungia jikoni?"

"Ningetazamaje, Kabula? Nilikuwa naziba masikio."

Tangu siku hiyo nakula sishibi, nalala sipati usingizi. Nina hasira na wewe, nisikufiche. Kwa nini ulimdanganya padri? Kwa nini hukuniambia hata nilipokuwa mtu mzima, na watu wazima wenzangu wananiletea binti zao niwafundishe? Kila ninachowaelekeza ni maneno yako, na maneno yako yametoka kwenye daftari la mtu aliyekuwa anaogopa kupanda pikipiki.

Lakini hasira ikishuka, linabaki lile neno langu la mfereji. Panda wewe tuone. Nilikuambia hivyo mbele za watu, wewe! Kibao kile sasa nakielewa, uliniona natoka mferejini, ukamwona yule ambaye hakupona. Nisamehe, Baba. Nilipaswa kukuomba msamaha hata kabla sijajua lolote, nami nilikuacha ukaondoka na shikamoo kavu.

Jana nilimpigia Mama nikamwambia nakuandikia. Akasema, "Mwambie nilimsamehe kabla hata yale matope hayajakauka."

Nikamuuliza, "Yeye ulimwambia?"

"Hakuniuliza."

Miaka yote hiyo, Baba, mmelala chumba kimoja. Basi nakuambia mimi.

Ni mimi binti yako,
Kabula