Safari Hii Usipike Pombe, Mama

Tabora, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na migomba yetu ya Mabawe bado imesimama baada ya ule upepo. Mimi mzima, ila sabuni tunaipangia foleni kama ninyi huko. Anjela, mdogo wangu, unapomsomea Mama usiruke maneno. Nakufahamu.

Mama, mwanao Gervas anatoka hapa hospitalini kwetu Alhamisi. Ni mara ya pili sasa. Alirudi kutoka vitani na viungo vyake vyote, kisha ulevi wa gongo ukamfanya ashindwe kushika hata kikombe. Mara ya kwanza niliandika kwa mkono wangu kwenye daftari la wodi: "Amepona." Nikakutumia barua, nawe kwa furaha ukapika pombe ya ndizi ya kumshukuru Mungu, ukaita majirani, ukampa yeye mrija wa kwanza. Angekataaje mbele ya wajomba? Kwetu anayekataa mrija ametangaza uadui. Mtungi haukuisha kabla hajarudia ulevi wake.

Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekwambia amepona.

Hapa mgonjwa akivuka lango kwa miguu yake anahesabiwa amepona. Juzi nilimwuliza daktari wetu, "Nani amewahi kuuliza wanaishije miezi mitatu baadaye?" Akacheka. "Muuguzi, sisi tunatibu wodini, hatutibu harusini." Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Kama hatujui yanayowapata nyumbani, tunajisifia nini?

Jana Gervas mwenyewe aliniambia, "Dada, hapa sinywi kwa kuwa hakuna anayenipa. Huko ninayemwogopa ni Mama." Alilia, Mama.

Basi mpokee kwa uji wa ulezi. Wajomba wakinuna, waambie ni amri ya hospitali. Dhambi ya uongo huo nitaiungama mimi. Maharage yakishavunwa, Anjela aniandikie ukweli: analala? Analima? Mikono inatetemeka? Akianguka tena usinifiche kwa aibu. Nitaomba ruhusa nije kumchukua.

Nisalimie baba mdogo katekista, shangazi wa Nyamiaga, na balozi wetu wa nyumba kumi.

Fomu ya Gervas ninayo hapa mezani, na daktari anataka nijaze matokeo leo. Nimeandika jina lake tu. Hayo mengine nangoja kuyasikia kwako.

Mwanao anayekukumbuka,
Leokadia