Kabureta ya Lori kwenye Gari Dogo

Mjukuu wangu Amina,

Sisi huku Gisenyi tu wazima. Mguu wa bibi yako umepona na amerudi shambani.

Unauliza gari lako la kasi lifungwe kabureta ipi kati ya hizo mbili ulizopata, kubwa au ndogo. Akija mtu na hoja kwamba kubwa ndiyo mbio, mkatalie hata akikuonyesha diploma. Nilikuwa mtu huyo.

Miaka ya hamsini nilifunga kabureta ya lori kwenye gari dogo, nikamchokoza Selemani, dereva wa Goma, tushindane kupanda mlima wa Rugerero. Atakayeshindwa aoshe gari la mwenzake ziwani, mbele ya wauza samaki. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika kila kitu, tukaondoka kama watu walio ndotoni. Kona ya kwanza nilikanyaga mafuta. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikazimika.

Nikaosha. "We fundi," wakacheka wale mama, "gari yako iko na mudomo mukubwa sawa wewe!"

Selemani hakucheka. Alifungua boneti, akanionyesha kabureta yake ndogo. "Bon, injini kidogo inavuta hewa kidogo. Ukiiweka mudomo mukubwa, hewa inapita polepole, petroli haichanganyike muzuri."

Basi pima injini yako, na mwendo unaokwenda kweli kila siku. Ukisitasita, chukua ndogo.

Selemani alinipa ndogo aliyokuwa nayo ya akiba, nikaifunga, nikapanda tena peke yangu. Ukungu ulibaki chini, ziwa halionekani, na gari likapanda taratibu kana kwamba mlima wenyewe umeinama.

Babu yako