Baba kakamata treni

Shoga, nimejificha choo cha makumbusho ya reli, nacheka mpaka machozi.

Baba kakamata treni. Ile ndogo ya maonyesho, inayozunguka na mwenzake kwenye reli moja. Kavuka kamba, kaichomoa relini kwa mkono, watu wote wanatazama.

Ati treni mbili hazipiti reli moja bila dereva kukabidhiwa kijiti cha ruhusa. Si unajua alivyokuwa mkuu wa stesheni miaka thelathini.

Mhudumu kamwambia, "Mzee, rudisha hiyo."

Baba kamjibu, "Kijiti kwanza."

Kijiti kwanza, shoga. Nilitamani ardhi inimeze.

Mhudumu kampa kalamu yake iwe kijiti. Baba kaikagua, karudisha treni relini, kapiga saluti.

Sasa hataki kuondoka. Kanituma chakula, anasema zamu yake inaisha saa kumi na mbili.